Kitu cha komandi: fundi wa mbao na rangi katika Masisi na Walikale

Kiti chenye jina la bibi arusi, mlango wenye maua, kibao cha shule, chukudu yenye maandishi mekundu ubavuni, msalaba wa kaburi: vitu kama hivi havitoki dukani. Mtu anamwendea fundi, anaeleza anachotaka, wanapatana bei, anaacha avansi, halafu anangoja. Hiyo njo inaitwa komandi.

Katika wilaya za Masisi na Walikale, jimbo la Kivu ya Kaskazini, kungoja ndiko kugumu. Kitu cha dukani kinalipwa na kubebwa saa hiyo hiyo. Komandi inaomba wiki kadhaa, mara nyingine miezi: mbao zikauke, rangi ishike, fundi abaki kwake na aliyeagiza abaki kwake. Hapa vita vimehamisha watu mara nyingi, na ahadi ya wiki nne ni ahadi ndefu. Makala hii inaeleza kazi yenyewe inavyokwenda, rangi na mbao zinavyotakiwa kuwa, na namna ya kupatana ili komandi isiishie kwenye ugomvi.

Nani anaagiza, na anaagiza nini?

Komandi nyingi zinazaliwa na tukio. Ndoa inaleta kitanda, kabati na viti vya salo. Mtoto akizaliwa kuna kitanda kidogo na sanduku la nguo. Kanisa linaagiza meza ya altare, mimbari na benchi. Shule, kituo cha afya na ushirika vinahitaji kibao cha mlangoni. Mfanyabiashara anataka jina la duka lake lionekane kutoka barabarani. Na msiba unaleta jeneza na msalaba, kazi ambayo fundi anapewa siku moja au mbili tu.

Chukudu ina nafasi yake. Baiskeli hiyo ya mbao isiyo na pedali, yenye magurudumu ya mbao yaliyozungushwa mpira wa matairi ya zamani, inabeba viazi, makala na mbao kutoka milima ya Masisi kuelekea Sake na Goma. Mjini Goma ilijengewa sanamu kwenye mzunguko wa barabara unaoitwa kwa jina lake. Mwenye chukudu anayeandikisha jina au neno la imani juu ya chombo chake anafanya sawa na dereva wa lori: chombo kinamlisha, na anataka kijulikane kuwa ni chake.

Kinacholipwa zaidi katika komandi ya namna hii ni jina, tarehe, picha au rangi ambayo mwenyewe alichagua. Mbao zinaweza kununuliwa tena. Kiti kilichoandikwa jina la mama aliyefariki hakinunuliwi mara ya pili.

Rangi juu ya mbao si jambo jipya

Kabla ya makopo ya rangi kufika, watu wa msitu walikuwa na rangi zao: nyeupe kutoka udongo mweupe, nyekundu kutoka unga wa mti, nyeusi kutoka makaa na masizi. Walega, majirani wa Walikale upande wa Shabunda, wanajulikana duniani kwa vinyago vya mbao vilivyopakwa udongo mweupe, vilivyotumika katika chama cha Bwami. Kinyago cha Bwami kilikuwa na mwenyewe na kilionyesha cheo chake. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vingi vya chama hicho leo viko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Rangi ya kopo ilileta kazi ya namna nyingine. Mjini Kinshasa, Chéri Samba alianza kwa kuchora vibao vya biashara, akafungua ateliye yake mwaka 1975, na baadaye picha zake zikaonyeshwa Paris na New York. Lubumbashi, tangu miaka ya 1960 na 1970, familia za wafanyakazi zilinunua picha za kutundika salo: Mamba Muntu yule nusu mwanamke nusu samaki, au mateso ya wakati wa ukoloni. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alitoka katika soko hilo. Alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya 100, nyingi juu ya kitambaa cha magunia ya unga.

Dar es Salaam, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, kwa sababu hivyo njo vilikuwa vya bei aliyoweza. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ulibaki na jina lake, na wanaomfuata leo wanapamba hata sinia na samani.

Wachoraji hao watatu walifanana katika jambo moja: rangi ya kawaida ya duka, mkono uliozoea, na mteja aliyejua anachotaka. Fundi wa Masisi au wa Walikale anafanya kazi kwa msingi huo huo.

Mbao: hapo njo kazi inaharibikia

Wilaya hizi mbili hazina mbao sawa. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, ni nchi ya msitu: huko kuna libuyu yenye wekundu na muvula, ambayo Tanzania na Kenya wanaiita mvule. Masisi ni milima ya malisho na mashamba, na mbao zake nyingi ni za miti iliyopandwa na watu, hasa mikaratusi na grevilea.

Kila mti una tabia yake mbele ya rangi:

– Mikaratusi inapinda na kupasuka inapokauka. Ikipakwa ingali mbichi, rangi inapasuka pamoja nayo.
– Muvula ina mafuta ya asili yanayozuia rangi ya mafuta na verni kukauka. Fundi anaipangusa kwanza kwa dawa ya kuyeyusha rangi, anaacha ikauke, halafu anapaka mkono wa kwanza mwepesi sana.
– Libuyu inatoa maji mekundu. Ukipaka nyeupe moja kwa moja juu yake, baada ya muda madoa ya kahawia yanatokea. Inahitaji mkono wa chini wa kuziba kabla ya rangi nyepesi.

Kwa hiyo swali la kwanza la aliyeagiza lisiwe la bei. Liwe hili: "Fundi, mbao hizi zilikatwa lini?" Mafundi wa Ulaya wana kanuni ya zamani: mbao inayokaushwa kwa hewa inahitaji karibu mwaka 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene. Mbao laini na nyembamba zinakauka mapema zaidi, lakini katika milima yenye mvua na ukungu kama Masisi mambo hayaendi haraka.

Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Fundi anachukua kipande cha mbao zile zile, anakipima kwenye mizani ya dukani, anaandika uzito, anakiweka mahali pakavu penye hewa. Baada ya wiki mbili anakipima tena. Kikiwa kimepungua, bado kinatoa maji. Uzito usipobadilika tena, mbao zinaweza kufanyiwa kazi. Na zinapongoja zipangwe chini ya paa, zikiwa zimeinuliwa kutoka udongoni, na vijiti kati ya mbao na mbao ili hewa ipite.

Jambo lingine ni karatasi. Sheria ya misitu ya Kongo, namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inataka anayekata miti ya msitu kwa biashara awe na kibali. Fundi anayenunua mbao za Walikale bila kuuliza zinatoka wapi anaweza kuzipoteza kwenye kizuizi cha barabarani. Na ikiwa alizinunua kwa avansi ya mteja, hasara hiyo inakuwa ya watu wawili.

Hatua za kupaka na kupamba

Kwanza ni msasa, ambao mafundi wengi wanauita papiye-vere. Unaanza na ule mkali, unamaliza na ule laini, na mkono unafuata mistari ya mbao. Matundu ya misumari na nyufa yanazibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Ikikauka, msasa tena.

Pili ni mkono wa chini. Huu unaziba mbao ili rangi isinywewe. Fundi anayeuruka anatumia rangi nyingi zaidi baadaye, na uso unabaki na mabaka.

Tatu ni rangi ya msingi, mikono miwili. Lita 1 ya rangi ya mafuta inafunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo kiasi kinaweza kukadiriwa kabla ya kununua. Kati ya mkono na mkono pawe na siku nzima, na wakati wa mvua iongezwe. Rangi inayoshikika kwa kidole bila kunata juu inaweza kuwa bado laini ndani.

Nne ni mchoro. Kwa maua au alama zinazorudiwa, fundi anakata mfano kwenye katoni ngumu au kwenye filamu ya zamani ya radiografia, anaupachika, anagonga rangi kwa sifongo. Kwa herufi na picha kubwa kuna njia ya waandika vibao: mchoro unafanywa kwenye karatasi, mistari yake inatobolewa kwa sindano, karatasi inawekwa juu ya mbao na kupigwapigwa kwa kitambaa chenye unga wa makaa. Ikiondolewa, nukta zinabaki, na burosi inazifuata. Karatasi hiyo inatunzwa, maana kesho inaweza kutumika kwa kiti cha pili.

Tano ni verni, mikono miwili au mitatu myepesi, mahali pasipo vumbi. Kitu cha nje, kama kibao au msalaba, kinahitaji verni ya nje, na sehemu ya chini inayoingia udongoni inapakwa hata pale pasipoonekana, kwa sababu maji yanapanda kutokea huko.

Kabla ya herufi ya kwanza kuandikwa kuna kazi ya dakika tano inayookoa mengi: jina na tarehe viandikwe kwa kalamu kwenye karatasi, na aliyeagiza asome na kutia sahihi. Majina ya eneo hili yanatoka katika Kihunde, Kinyanga, Kirega, Kinyarwanda, Kifaransa na lugha zingine, na herufi moja inaweza kubadilisha jina la familia. Kwenye msalaba, kosa hilo linawaumiza wafiwa kila wanapofika kaburini.

Rangi yenye sumu

Rangi za mafuta za njano, za chungwa na nyekundu mara nyingine zina madini yanayoitwa kwa Kiswahili risasi, na kwa Kifaransa plomb. Hapa si risasi ya bunduki inayosemwa, ingawa madini ni hayo hayo. Yanaingia mwilini kwa vumbi na kwa mdomo, na yanaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linashauri nchi zisiruhusu rangi yenye zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa sehemu milioni 1.

Aliyeko Masisi hana mashine ya kupima kopo, lakini anaweza kufanya mambo matatu. Asome kopo na kutafuta maandishi yanayosema haina plomb. Kitanda cha mtoto na vitu vya kuchezea vipakwe rangi ya maji, au viachwe na rangi ya mbao. Na samani ya zamani isisuguliwe kavu ndani ya nyumba: isuguliwe nje, ikiwa imelowanishwa, watoto wakiwa mbali, na vumbi likusanywe. Fundi mwenyewe afunge pua na mdomo, na asile kabla ya kunawa.

Dewi na avansi: hesabu ya wazi

Ugomvi mwingi wa komandi unaanzia kwenye bei iliyotajwa kwa mdomo, jumla, bila kugawanywa. Dewi ni karatasi inayoonyesha bei imejengwa na nini. Huu ni mfano wa kuonyesha njia tu, bei za soko zinabadilika. Kabati dogo lililopambwa: mbao dola 30, misumari, gundi na bawaba dola 8, rangi na verni dola 17, usafiri dola 5, kazi ya siku 6 kwa dola 7 kwa siku, dola 42. Jumla dola 102.

Hapo mtu anaona kwamba dola 60 ni vifaa na usafiri, na dola 42 ni jasho la fundi. Anaona pia avansi iwe kiasi gani. Ikiwa ndogo kuliko bei ya vifaa, fundi anamkopesha mteja. Ikiwa bei yote, mteja hana tena cha kumhimiza fundi. Njia ya katikati ni kulipa mara tatu: dola 60 mwanzoni, dola 20 kabati likishaungwa kabla ya rangi, na dola 22 siku ya kulichukua. Malipo ya katikati yana faida nyingine: mteja anafika, anaona mbao kabla hazijafunikwa, na kama kuna ufa anausema mapema.

Fundi anayechukua avansi ya komandi mpya ili amalize komandi ya zamani anajichimbia shimo. Mwezi wa kwanza haonekani. Mwezi wa tatu ana wateja watano na mbao za mtu mmoja.

Sheria ya Kongo inaheshimu mapatano haya. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ni sehemu ya kitabu cha tatu cha sheria za kiraia, inasema katika kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa wale waliopatana. Shida kubwa ni kuthibitisha. Karatasi ya daftari yenye majina, maelezo ya kitu, bei, tarehe na sahihi mbili inatosha kuonyeshwa kwa chifu wa kijiji au mbele ya hakimu. Avansi ikitumwa kwa simu, ujumbe wa malipo usifutwe.

Vita vinapokata komandi

Januari 2025 mapigano yalifika Masisi-kati, Sake na Goma; Machi mwaka huo yalifika Walikale-kati. Kabla ya hapo, vijiji vingi vya wilaya hizi vilikuwa vimekwisha kuhama na kurudi zaidi ya mara moja. Katika hali hiyo komandi inaweza kukatika kwa njia tatu: mteja anakimbia, fundi anakimbia, au kitu chenyewe kinaporwa au kuungua.

Watu wakishakimbia ni vigumu kupatana vizuri, kwa sababu kila mmoja amepoteza. Kwa hiyo yafaa kuongeza mistari minne kwenye karatasi ya komandi siku ile ile ya avansi. Wa kwanza: mteja akiondoka, fundi atamngoja miezi mingapi kabla ya kuuza kitu, na ile avansi itarudishwa kiasi gani. Wa pili: fundi akiondoka, mbao zilizonunuliwa ni za nani. Wa tatu: kitu kikiporwa kabla ya kuchukuliwa, hasara inagawanywaje. Wa nne: jina la mtu wa tatu, ndugu au jirani, anayeweza kupokea kitu au habari. Hakuna jibu moja kwa wote. Wengine watasema hasara nusu kwa nusu, wengine kila mtu abebe alichokwisha kutoa. La maana ni kwamba lilisemwa wakati watu wangali na amani kati yao.

Namna ya kuunga kitu inaweza kusaidia pia. Kitanda kilichopigwa misumari na gundi kinabaki nyuma. Kilichofungwa kwa bulo kinafunguliwa kwa funguo moja, kinakuwa mbao sita au saba, na kinapanda juu ya chukudu. Hivyo hivyo na mapambo: jina au picha ikichorwa kwenye kibao chembamba kinachoshikwa na skrubu nne mgongoni mwa kiti, kibao hicho kinaweza kutolewa na kubebwa ndani ya kitenge. Kiti kinaachwa, jina linaondoka na mwenyewe.

Mwisho ni picha ya simu. Fundi anayepiga picha ya kila kazi iliyokwisha, pamoja na karatasi ya mchoro na vipimo, akaituma kwa mteja na kwa ndugu aliye mbali, ametunza vitu viwili. Ana cha kuonyesha kwa wateja wapya popote atakapofikia, hata kama ateliye yake haipo tena. Na mteja, siku akipata mbao na pesa, anaweza kuomba kitu kile kile kitengenezwe upya, kwa rangi zile zile na jina lile lile.